Tiba ya muziki: kirekebishwe kidole au ngoma?

Mtazamo wa kitabibu huuona ulemavu ndani ya mwili: kuna kasoro, itibiwe. Mtazamo wa kijamii, uliopewa jina hilo na Mike Oliver wa Uingereza mwaka 1983, husema kinachomlemaza mtu ni vizuizi alivyowekewa na jamii.

Kwenye chumba cha tiba ya muziki tofauti hii husikika. Mtaalamu anayefuata mtazamo wa kwanza huwasha metronomu, kifaa kinachotoa mapigo ya kasi moja, mgonjwa wa Parkinson (maradhi ya ubongo yanayovuruga mwendo) akatembea kwa kufuata mapigo, hatua zikapimwa. Mara nyingi mwendo hutengemaa kweli; hilo silibezi. Mwenzake wa mtazamo wa pili huuliza: huyu anataka kupiga nini, na kinachomzuia ni nini? Kijana anayeweza kusogeza kidole kimoja tu huwekewa swichi. Akibonyeza, ngoma inalia. Kidole hakijapona. Kilichobadilika ni ala.

Naegemea upande wa pili, ila si kwa miguu yote miwili. Maumivu ni maumivu, hata jamii iwe na adabu kiasi gani. Na aliyepoteza usemi kwa kiharusi, kisha akaweza kuliimba neno "maji", hangoji mjadala wa vizuizi. Ana kiu.