Kamisheni ya kila mwezi au bonasi ya mwaka?

Muuzaji wa duka la simu Kariakoo anayelipwa kamisheni hupiga hesabu mwenyewe: mauzo ya 8,000,000 kwa asilimia 2 ni 160,000, inaingia pamoja na mshahara. Ubaya wake, Januari biashara ikidoda huambulii kitu, na wenzako mnaanza kugombania wateja mlangoni.

Bonasi ya mwaka hutegemea tathmini ya bosi na faida ya kampuni. Huwa nono, ila ukiacha kazi Oktoba mara nyingi imekupita. Zote hukatwa PAYE, yaani kodi ya mapato, kama mshahara. Bonasi ikija kwa mkupuo, kipato kinachozidi 1,000,000 kwa mwezi mamlaka ya mapato (TRA) huchukua asilimia 30. Aliyepanga chumba Mbagala, asiyeweza kusubiri hela hadi mwisho wa mwaka, ningemshauri kamisheni, mradi kiwango kiandikwe kwenye mkataba.