REAPER kwenye laptopu ya ex-UK: mikwaruzo, sauti inayochelewa na stima inayopotea

Hamjambo watazamaji, karibuni tena. Leo mezani tuna REAPER, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki, na tumeiweka kwenye mashine ya kawaida kabisa ya hapa Nairobi: laptopu ya ex-UK yenye Core i5, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256 na Windows ya biti 64. Ndiyo utakayoonyeshwa ukipanda ngazi za maduka ya Moi Avenue ukiulizia ya bei nafuu. Msimamo wangu nautoa mapema: mashine hii inatosha. Inatosha kurekodi sauti, gitaa, hata waimbaji wanne, na kuchanganya wimbo wa traki 30, yaani njia 30 za sauti. Kinachowakwamisha watu ni mipangilio michache ambayo hakuna aliyewaonyesha, halafu fundi anawaambia wanunue kompyuta mpya.

Kwanza, kwa nini REAPER. Inatengenezwa na Cockos ya Marekani, kampuni ya Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp. Faili ya kusakinisha haifikishi MB 30, na kwa mtu anayenunua bando hilo si jambo dogo, maana programu nyingine za kazi hii zinakula GB kadhaa. Unaitumia siku 60 ikiwa kamili, hakuna kilichofungwa. Linganisha na jaribio la FL Studio, programu nyingine ya kutengeneza muziki: unahifadhi mradi vizuri, lakini kesho hauufungui tena mpaka uinunue. Leseni ya REAPER ni dola 60 kwa mtu binafsi, au kwa biashara inayoingiza chini ya dola 20,000 kwa mwaka. Ukizidi hapo ni dola 225. Kwa shilingi 130 kwa dola, hizo 60 ni kama 7,800. Ukinunua sasa ukiwa na toleo la 7, leseni hiyo hiyo inakubeba mpaka mwisho wa toleo la 8.

Upungufu wake ni mmoja mkubwa: haiji na ngoma, piano wala besi za kukufurahisha. Ina sintesaiza ndogo ya kujaribia tu. Kwa hiyo kama kazi yako yote ni kupika biti, baki na FL Studio, kisha uzitoe traki zako kama faili za sauti za WAV, kila ala peke yake, uzilete huku kwa ajili ya sauti. Ukitaka ala za bure ndani ya REAPER yenyewe, anza na Surge XT na Vital, toleo lake la bure.

Sasa tuisakinishe. Chukua toleo la biti 64 kutoka tovuti ya Cockos. Tafadhali, kaa mbali na matoleo yaliyovunjwa yanayosambazwa kwa flashi. Programu yenyewe unapewa siku 60 bure, hakuna sababu ya kuingiza virusi kwenye mashine yenye kazi za wateja. Ukishaifungua, bonyeza Ctrl na P. Shuka hadi Audio, kisha Device. Ukurasa huu ndio ulioshika karibu matatizo yote mnayoniuliza.

Pale juu kuna Audio system. Chagua ASIO, aina ya draiva inayopitisha sauti bila kuichelewesha sana. Kama una kadi ya sauti ya nje, tuseme Focusrite Scarlett, pakua draiva yake kwa mtengenezaji na uichague hapo kwa jina lake. Usitumie ile ya jumla ikiwa ya mtengenezaji ipo. Kama unatumia kadi ya ndani ya laptopu, au kifaa kisicho na draiva yake, pakia ASIO4ALL, ni ya bure. Ifungue, uwashe kifaa kimoja tu unachotumia. Ukiona msalaba mwekundu kando ya jina la kifaa, mara nyingi kuna programu nyingine imekishika, na mshukiwa wa kwanza ni kivinjari chenye YouTube. Kifunge kabisa, urudi.

Chini yake kuna sehemu ya kasi ya sampuli na ukubwa wa bloku, yaani bafa. Hapa naomba tutulie kidogo.

Sauti ndani ya kompyuta hukatwa vipande vidogo vidogo, 48,000 kwa kila sekunde. Prosesa haivishughulikii kimoja kimoja. Huvipanga kwenye bafa, kama makanga anavyongoja gari lijae ndipo ligongwe liondoke. Bafa ya 128 ni matatu ndogo: inajaa haraka, inaondoka kila milisekunde 2.7. Bafa ya 1024 ni basi kubwa: inangoja milisekunde 21.3. Sasa, mikwaruzo ile ya chrr, chrr unayosikia ni nini? Ni dakika ya gari kuondoka imefika na prosesa haijamaliza kupakia. Linaondoka na viti vitupu, na sikio linasikia pengo. Na sauti inayochelewa je? Hiyo ni abiria aliyekaa kwenye basi kubwa akingoja lijae, na anangoja mara mbili, kuingia na kutoka. Ndiyo maana ukiimba kwenye bafa ya 1024 unajisikia nyuma ya mdomo wako.

Kwa hiyo hakuna namba moja ya kudumu. Unaporekodi, weka 128, au 256 kama mashine inalalamika. Ukimaliza kurekodi na unaanza kuchanganya, panda hadi 1024, maana sasa hakuna anayeimba na prosesa inahitaji muda wa kubeba plagini zako, zile programu ndogo za ala na za kurekebisha sauti. Watu wengi wanaiacha 128 wimbo wote, wanaweka plagini kumi na tano, mikwaruzo inaanza, wanalaumu programu.

Hedifoni za Bluetooth ziweke kando unaporekodi. Zenyewe zinaongeza ucheleweshaji unaoweza kupita milisekunde 100, na hakuna bafa itakayokuokoa. Hedifoni za waya za bei ndogo zinazishinda kwa kazi hii.

Ikiwa uko 1024 na bado kuna mikwaruzo, basi si bafa. Kwenye Windows ingia sehemu ya nishati uchague High performance. Kisha zima Wi-Fi, urekodi dakika mbili usikilize. Draiva ya Wi-Fi ni mkorofi mkubwa: hukatiza prosesa kwa muda mfupi ambao wewe huuoni, lakini sauti inauona. Programu ya bure ya LatencyMon itakuonyesha draiva gani hasa inachelewesha.

Jingine ni joto. Laptopu iliyofanya kazi ofisini Uingereza miaka mitano ina vumbi kwenye feni, na grisi ya prosesa imekauka. Ikipata moto, prosesa inashusha kasi ijipoze. Fungua Task Manager, nenda Performance, utazame GHz wimbo ukicheza. Ukiona imeanguka chini ya GHz 1 na programu inalia, mpelekee fundi aipulize vumbi na kubadilisha grisi. Angalia chaja pia. Kuna laptopu ambazo zikichomekewa chaja ya wati chache, au ambayo hazikuitambua, zinapunguza kasi makusudi. Hilo limewafanya watu wengi kununua RAM wasiyoihitaji.

Tuje kwenye ule mvumo wa mmmm usioisha. Stima yetu ni ya volti 240 na hezi 50, na mvumo huo ni hezi 50 hizo hizo pamoja na ndugu zake wa 100 na 150. Jaribu hivi: ukiwa unasikia mvumo, chomoa chaja, laptopu ibaki kwa betri. Ukikatika papo hapo, umeupata mzizi: laptopu na spika zimechukua ethi, yaani waya wa ardhini, kwa njia mbili tofauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, yenye ethi ya kweli, kwenye soketi moja ya ukutani. Ukikosa, rekodi kwa betri. Lakini usikate wala kuondoa ule mguu wa ethi wa plagi ili mvumo uishe. Mguu huo upo kukulinda kifaa kikiharibika, na ukiuondoa, bodi ya chuma ya kifaa inaweza kubaki na stima huku wewe umeshika maiki.

Sasa turekodi. Ctrl na T inakupa traki mpya. Bonyeza kitufe chekundu cha traki, kisha bonyeza kulia juu yake uchague mono, ingizo la 1. Usipochagua mono ukaiacha stereo, sauti yako itasikika sikio la kushoto pekee, na hilo ndilo swali linalojirudia kuliko yote. Maiki ya kondensa, ikiwemo BM-800 ambayo imejaa mjini, inataka volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti. Usipowasha 48V utapata ukimya, au sauti ya mbali kama ya mtu aliye chumba cha pili. Kama mshale wa sauti hausogei kabisa na kila kitu kimechomekwa, ingia mipangilio ya faragha ya Windows, sehemu ya maikrofoni, uruhusu programu za kompyuta kuitumia.

Kiwango: imba ile sehemu yako ya juu kabisa, urekebishe gaini, kile kitufe cha kupandisha maiki kwenye kadi, mpaka kilele kigonge kati ya -18 na -10 dB. Ukirekodi kwa biti 24, huna haja ya kusukuma mpaka nyekundu. Iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi.

Ukijisikia mara mbili, kama mwangwi wa karibu sana, ujue unajisikiliza kwa njia mbili kwa pamoja: kadi ya sauti inakupa sauti yako moja kwa moja, na REAPER nayo inakupa ileile ikiwa imechelewa. Zima moja. Mimi naona afadhali kuzima ya REAPER, ile alama ndogo ya spika kwenye traki, na kubaki na ya kadi, kwa sababu hiyo haicheleweshwi na bafa.

Kelele za chumba. Feni ya laptopu na friji zinaondoka vizuri kwa ReaFIR, plagini inayokuja bure ndani ya REAPER. Acha sekunde tatu za ukimya kabla ya kuimba. Fungua ReaFIR kwenye traki, chagua Subtract, weka tiki pale pa kujenga wasifu wa kelele, ucheze zile sekunde tatu peke yake, kisha utoe tiki. Ukisahau kutoa, itaendelea kujifunza na itaanza kuila sauti yako pia. Honi ya matatu na mvua ya mabati haviondoki kwa njia hii, kwa sababu havitulii. Hapo dawa ni kurekodi usiku, blanketi nzito nyuma yako, maiki karibu, upana wa kiganja kutoka mdomoni.

Plagini isipoonekana baada ya kuisakinisha, rudi Ctrl na P, sehemu ya VST, ufute akiba na uchanganue upya. Plagini za aina ya VST3 kawaida hukaa kwenye Common Files ndani ya Program Files. Na kama kuna moja inayoangusha programu nzima, bonyeza kulia jina lake kwenye orodha ya FX, uiendeshe kama mchakato wa pekee. Ikianguka, itaanguka peke yake. Traki nzito yenye ala, igandishe kwa Freeze. Inageuka sauti ya kawaida, prosesa inapumua, na ukitaka kuirekebisha unaiyeyusha.

Stima. Betri za laptopu hizi nyingi zimechoka, kwa hiyo stima ikipotea mashine nayo inazima. Siku ya kwanza tu, mradi ukiwa mtupu, uhifadhi, na kwenye dirisha hilo la kuhifadhi uweke tiki ya kuunda folda ya mradi na ya kunakili sauti zote humo. Kisha kwenye Preferences, sehemu ya Project, washa uhifadhi wa kiotomatiki kila dakika 5, katika faili yenye tarehe na saa. Sauti unayorekodi huandikwa diskini papo hapo, kwa hiyo stima ikikatika katikati ya ubeti, angalia kwanza ndani ya folda ya mradi kabla ya kuimba upya. Na folda hiyo moja ndiyo unayonakili kwenye flashi ukienda kwa mtu mwingine. Ukibeba faili ya RPP pekee, ile ya mradi isiyo na sauti ndani, utafika, uifungue, na ukute traki zote hazina sauti.

Kutoa wimbo ni Ctrl, Alt na R. Ukiona wimbo wa dakika tatu unatoka na dakika ishirini, kuna kipande kidogo kimeachwa mbali kulia. Kitafute ukifute, au uteue sehemu unayoitaka na uchague Time selection. Kwa mtu wa kufanya mastaringi, ule ung'arishaji wa mwisho wa wimbo, toa WAV ya biti 24, kwa kasi ile ile uliyorekodia, na kilele kisiguse sifuri. Spotify inasawazisha kwenye LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kuponda wimbo mpaka -6 hakukuongezei sauti kule, kunakuondolea tu mapigo ya ngoma. Na ukimtumia mteja kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama sauti, ndipo impate ilivyo.