Kamusi ya simu, Kiingereza kwenda Kijerumani: nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya sauti

Jina la hii apu siliweki, ila nimeitumia miezi mitano mfululizo na hela yao nimelipa, kwa hiyo kulalamika ni haki yangu.

Nianze na zuri. Kwenye majina ya vitu iko poa sana, inakupa der, die au das (vile vineno vya jinsia vinavyotangulia jina), inakupa wingi, sauti ya matamshi inasikika safi hata bila intaneti. Balaa ni vitenzi. Andika "leave" uone, inakumwagia verlassen, lassen, abfahren, gehen, hinterlassen, mstari mmoja, koma koma koma, hakuna hata kineno pembeni cha kukuambia hili la treni, hili la mtu, hili la kitu ulichosahau mezani. Sasa utafanyaje? Si unabeba la kwanza. Na mi nikalibeba.

Nilikuwa nachati na Mjerumani mmoja tunafanya naye kazi, ikafika jioni nataka kumuaga tu kwamba jamani mi natoka, nikaandika Ich verlasse dich jetzt. Kimya. Baadaye ikaja alama ya kuuliza, moja. Kumbe nimemwambia nakuacha, ile nakuacha ya wapenzi, ya kufungasha nguo! Kilichoniuma ni kwamba hata Kiswahili "kuacha" kuna mambo hayohayo, yaani ningeshtuka mapema kama wangeandika neno moja tu hapo pembeni. Ilitakiwa Ich gehe jetzt, basi, yameisha.

Nikaanza kuchimba mwenyewe. Verlassen haikai peke yake, lazima useme unachokiacha, Ich verlasse das Büro, natoka ofisini. Treni ni abfahren, nayo inakatika vipande, der Zug fährt ab, kale ka-ab kanakimbilia mwisho wa sentensi. Simu uliyoisahau nyumbani ni lassen, ujumbe uliomwachia mtu ni hinterlassen. Halafu sasa cheki hii, ich verlasse mich auf dich maana yake nakutegemea. Kutoka nakuacha mpaka nakutegemea ni mich na auf tu zimeongezeka! Apu inayo hiyo, wameificha chini kabisa baada ya tangazo (ndiyo, hata ukilipia matangazo yapo).

"Put" nayo ni hadithi hiyohiyo. Sisi tunasema weka tumemaliza, Mjerumani anataka kujua kitu kitakaaje kikifika. Chupa unaisimamisha, stellen. Kitabu unakilaza, legen. Ufunguo unauchomeka tunduni, stecken, koti unalitundika, hängen. Nikajiona nimeelewa, nikasema sahani iko bapa kwa hiyo inalala, legen. Weee! Sahani ni stellen, yenyewe inahesabika imesimama kwa kitako chake, wakati uma ulio pembeni yake umelala. Hilo nimesahihishwa na watu, apu wala haikuwa na habari.

Siku hizi neno wakinipa siliamini mpaka niligeuze, naliandika upande wa Kijerumani nione linarudi na maana gani za Kiingereza, likirudi na kitu cha ajabu naachana nalo. Halafu naenda tovuti ya Duden, ile kamusi ya Wajerumani wenyewe, ni Kijerumani kwa Kijerumani kwa hiyo kama ndo unaanza utatoka jasho, ila maana zimepangwa kwa namba na kila moja ina mifano yake. Na sidai miujiza jamani, kamusi za karatasi zimekuwa zikiweka hivyo vineno vya pembeni tangu zamani sana.

Wenye apu nimewaandikia mara mbili. Wakajibu asante kwa maoni yako. Toleo jipya limetoka juzi, vitufe vina rangi nyingine, na "leave" iko palepale na koma zake.