Mashine iliyogoma kutoa maji: uzoefu wangu na pampu ya Kariakoo

Ninamuuguza mama yangu hapa nyumbani Tabata, kwa hiyo mashuka yanafuliwa kila siku, siku nyingine mara mbili. Mashine yetu ya kufulia ya kilo 7, ya mlango wa mbele, iligoma kutoa maji mashuka yakiwa ndani na mlango umejifunga. Nilichanganyikiwa kweli.

Ilikuwa inafua vizuri, ikifika pa kumwaga maji inanguruma tu huko chini, maji hayaendi. Nikawa naizima na kuiwasha siku 2 mfululizo. Kumbe hapo ndipo nilipoimaliza.

Fundi wa kwanza nilipewa na duka la vifaa vya umeme. Hakufungua hata skrubu moja. Alibonyezabonyeza vitufe, akasema bodi, yaani saketi inayoendesha mashine, imeungua, 260,000, nusu nitangulize. Roho ikakataa.

Jioni nikachomoa waya ukutani, nikafungua kile kifuniko kidogo cha chini kulia. Kuna kimpira chenye kizibo. Nikakitoa, maji yakaanza kushuka kwenye bakuli. Bakuli moja baada ya jingine, ndoo ya lita 10 ikajaa na bado. Yananuka kama mtaro. Yalipokwisha nikazungusha chujio kushoto, taratibu. Nilichotoa: sarafu ya 200, kibanio cha nywele, kifungo cha shati, na mchanga mwingi, maana tunatumia maji ya kisima. Nyuma ya chujio kuna panga dogo la plastiki la pampu inayosukuma maji nje, nalo lilikuwa limesokotwa na uzi. Nikauvuta kwa kibano. Ukilizungusha kwa kidole linashtukashtuka, usiogope, ni sumaku iliyomo ndani.

Nikarudishia, nikawasha, mlango ukafunguka, mashuka nikayapata. Ila pampu kimya, hata ule mngurumo haupo tena.

Jirani akaniletea fundi wake wa Buguruni. Huyu aliinamisha mashine, akachomoa soketi ya pampu, akaweka testa: haikusoma kitu. Akapima na waya zinazotoka kwenye bodi wakati mashine inajaribu kumwaga maji, umeme ukaonekana unafika. "Dada, bodi nzima hii. Pampu ndiyo imekufa." Akanionyesha testa niione mwenyewe. Akanieleza kwamba pampu ikikwama huku inapewa umeme inachemka mpaka koili inaungua, nikazikumbuka zile siku 2.

Hakutaka hela ya kifaa. Alinipa pampu ya zamani niende nayo Kariakoo, akasema nisinunue kwa kutazama umbo tu, nilinganishe matundu ya skrubu na upande soketi inapokaa. Alikuwa sahihi: ya kwanza niliyopewa dukani ilifanana kila kitu, soketi tu ilikuwa imegeukia upande mwingine. Nilipata yenyewe kwa 48,000, ufundi 25,000. Kabla hajaondoka akavuta na mpira wa kutolea maji, uliokuwa umebanwa na ukuta mpaka umekunjika, akauweka sawa.

Sasa ni miezi 3. Pampu nampa nyota 4 aliyeniuzia: maji yanatoka kwa nguvu na haijasumbua hata siku moja, lakini ina kelele kuliko iliyokuja na mashine, na dhamana niliyopewa ni wiki 2, tena ya mdomo. Fundi nampa zote 5. Mtu anayekupimia mbele ya macho yako na kukuachia kifaa kibovu mkononi, mshike.

Chujio nilikuwa nimepanga kulisafisha mara moja kwa mwezi. Kwa maji ya kisima haitoshi. Juzi, baada ya wiki 2 tu, nimetoa mchanga wa kujaa kijiko. Nimeanza kuchuja maji kwa kitambaa yanapoingia kwenye tangi.