Taa za sola za mama fundi: mwaka na nusu nyumbani kwangu

Mpwa wangu wa mjini alinionesha kwenye simu picha za kile anachokiita solapanki, yaani ndoto ya miji ya kesho inayoishi kwa jua na mimea: maghorofa yaliyofunikwa na miti, paneli kila paa, mchicha umeota roshani. "Mjomba, dunia inakwenda huku." Nikamwambia aje Unguja Kaskazini aone paa langu la bati.

Nina paneli moja ya wati 50, chaji kontrola (kidude kinachosimamia umeme wa paneli usiharibu betri), betri ya volti 12, taa tatu na pa kuchajia simu. Aliyefunga ni mama wa kijiji cha jirani, ana wajukuu wanne, na ufundi kausomea Chuo cha Barefoot, Kinyasini. Pale akina mama wanafundishwa kwa rangi na alama, maana wengi wao shule hawakufika mbali. Juu ya paa kapanda mwenyewe. Mimi nilishika ngazi.

Kabla yake nilinunua seti mjini, ya kulipa kidogo kidogo kwa simu. Nimemaliza deni tu, ikazima. Kuifungua haifunguki, na dukani jibu lilikuwa moja: nunua nyingine. Ipo juu ya kabati mpaka leo.

Hii ya mama fundi nayo iliharibika, Ramadhani, taa ya jiko ikawa inapepesa. Kesho yake kaja na baiskeli, kafungua kila kitu mbele yetu: panya kala waya. Akaulehemu palepale, kisha akamkalisha binti yangu akamfundisha kusoma vitaa vya kontrola. Siku hizi binti ndiye anayenikemea nikiacha vumbi kwenye paneli.

Kasoro zipo. Masika, mawingu yakigandana siku tatu, taa zinafifia hata isha haijaadhiniwa. Feni sahau, friji usiulize. Na ilibidi nikate tawi la mwembe lililotia kivuli. Embe dodo lile, mama watoto hajanisamehe.

Lakini mimi ni mtu niliyekaa gizani na Unguja nzima, Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa sababu ya hitilafu ya waya wa umeme unaotoka bara kwa chini ya bahari. Ndiyo maana picha za mpwa nilizipenda, ila nilizikagua zote sikuona hata mtu mmoja aliyeshika bisibisi.

Nyota nne kwa tano. Ukimtaka mama fundi, jiandae kusubiri wiki tatu. Mpwa naye kashajiandikisha.