Viatu vya mbio kutoka duka moja la Kariakoo, baada ya kilomita 21
Nilivinunua viatu hivi katika duka dogo la Kariakoo nikijiandaa kwa marathoni ya kilomita 42.195, na nusu marathoni niliyoikimbia hapa jijini mwezi uliopita ndiyo iliyonionyesha ubora na kasoro zake. Muuzaji alinishauri nichukue namba moja zaidi, kwa kuwa mguu huvimba mtu akimbiapo muda mrefu katika joto letu. Ushauri huo umenifaa pengine kuliko viatu vyenyewe, maana kucha zangu, ambazo mazoezi ya mwaka jana yaliziacha nyeusi, safari hii zimesalimika. Soli inapunguza vizuri kishindo cha lami, na hata kwenye Daraja la Tanzanite, ambako upepo wa bahari humsukuma mtu ubavuni, sikuteleza. Kasoro ipo kwenye kisigino: nilipofika kilomita ya 16, soksi zikiwa zimelowa jasho na maji niliyojimwagia, bitana ilianza kunisugua hadi malengelenge yakapasuka. Niliporudi dukani kulalamika, muuzaji alicheka kidogo, akanipa soksi nene bure. Kwa mazoezi ya kilomita 30 bado ninavivaa, ila kisigino nakipaka mafuta ya mgando kwanza.