Kusafirisha gari la chini kwa tela la kukodi, Malindi hadi Mombasa: uzoefu wangu

Mwezi uliopita nilikodi tela hapa Malindi ili nilipeleke gari langu, Mazda MX-5 ya miaka ya 1990, kwa fundi aliyeko Mombasa, kwa kuwa klachi ilikuwa imekwisha na sikuwa tayari kulivuta kwa kamba mwendo wa kilomita 120 hivi kupitia matuta yote yaliyo kati ya Gede na Mtwapa. Gari hili ni jepesi, uzito wake ni kama tani moja tu, lakini liko chini mno: nilipopima chini ya bampa ya mbele nilipata sentimita 11. Kipimo hicho nilimtajia mwenye tela kwa simu mara mbili kabla ya kulipa.

Tela lenyewe sina neno nalo. Lina ekseli mbili, matairi mazima na taa zinazowaka zote, na chuma chake hakina kutu, jambo ambalo katika mji kama wetu, ambako chumvi ya bahari hula chuma usiku na mchana, laonyesha kwamba mwenyewe hulitunza.

Tatizo lilikuwa ngazi za kupandishia. Zilikuwa na urefu wa mita 2, nayo sakafu ya tela ilikuwa sentimita 60 kutoka ardhini, hivyo mwinuko ulifika nyuzi 17. Pikapu hupanda hapo bila taabu. Gari langu lingegusa kwa bampa kabla magurudumu hayajakanyaga ngazi, na hata lingepita, tumbo lingekwama pale ngazi zinapokutana na sakafu, mahali ambapo eksozi huumia. Kijana aliyeleta tela aliniambia, "Mzee, tutalinyanyua kidogo kwa mikono," nami nikakataa, kwa sababu bampa ya gari la umri huu ikipasuka haipatikani kwa urahisi.

Jirani yangu seremala alituazima mbao za mnazi zenye unene wa inchi 2. Nyingine tuliziweka chini ya magurudumu ya nyuma ya pikapu iliyokuwa ikivuta, kichwa cha tela kikainuka na mkia wake ukashuka; zilizobaki tukazipanga mbele ya ngazi, moja juu ya nyingine kwa kupishana, ili gari lianze kuinuka kabla ya kufika kwenye mwinuko wenyewe. Kisha tulilivuta taratibu kwa winchi ya mkono, mimi nikiwa ndani nimeshika usukani na breki. Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba gari la chini likishapanda, milango yake huzuiwa na madigadi ya tela. Mimi nilitokea juu kwa sababu paa la gari hili hufunguka. Kazi hiyo ilituchukua saa mbili.

Katika kufunga, kijana yule alistahili sifa. Alilisogeza gari mbele kidogo ya ekseli, kwa kuwa mzigo ukilemea nyuma tela huyumba mwendo unapoongezeka, na mikanda aliipitisha juu ya matairi badala ya kuifunga kwenye bodi, ambayo hupanda na kushuka kwa springi hadi mikanda ikalegea. Tuliposimama Gede kuikagua, miwili ilihitaji kukazwa tena. Kuanzia hapo hadi Mombasa gari halikutikisika, wala halikupata mkwaruzo hata mmoja.

Nitalikodi tena tela hili, ila kwa sharti la ngazi za mita 4, ambazo zingeshusha mwinuko hadi chini ya nyuzi 9. Nimemweleza mwenyewe, akaahidi kumpa mchomeleaji kazi hiyo kabla gari langu halijawa tayari kurudi. Mbao za jirani nimeomba nibaki nazo hadi siku hiyo.